Benchi la Mlangoni

Jumanne, 3 Februari 1998

Umeme umekatika tena asubuhi. Cherehani yangu ni ya miguu, haijali. Pasi inajali. Magauni ya kwaya ya Pasaka yamerundikana mezani na uzi mweupe haupatikani tangu nchi jirani zitufungie mipaka. Muuza uzi wa hapa Bwiza ananilangua mchana kweupe, kisha anataka nimshukuru kwa kuwa ameniwekea. Sikumshukuru.

Nimeshapima wanakwaya wote isipokuwa Yudita, mke wa marehemu mwanangu Danieli. Anakaa kwangu, analala chumba cha pili, lakini kila nikishika futi ana kazi: maji, mkaa, kichwa kinauma. Leo nimemshika mkono kabla hajapata ugonjwa mpya. Mabega sawa. Kiuno nikapima, nikarudia, nikapima tena. Nikamwambia amenenepa. Akasema ni mihogo.

Mihogo! Nimezaa mara moja tu, lakini nimewashonea wajawazito wa nusu ya mtaa huu. Binti huyu ana mimba, tena si ya jana.

Jumatano, 4 Februari

Nimemwuliza ni ya nani. Nimemwuliza kwa upole, kipaji ambacho Mungu alininyima, halafu kwa sauti. Akaanza kuosha sahani zilizokwisha kuoshwa.

Danieli alitoweka mwaka ule vijana wenye magurunedi walipopita mtaani. Walimuua bosi wa gereji alikokuwa akifanya kazi, na yeye hakurudi nyumbani. Viatu vyake viliokotwa kando ya mto Ntahangwa. Tukaomboleza bila maiti, na mwaka ulipotimia tukaondoa msiba kwa wali na Fanta, maana kanisa letu halitaki pombe. Siku ya kwanza ya msiba Yudita alilia mpaka wakambeba ndani. Nilimpenda zaidi kwa kilio kile. Nikasema huyu si mkwe, ni binti yangu.

Sasa binti yangu ananiletea mimba isiyo na baba. Umeme umerudi, na kwa hasira nimeunguza gauni moja kwa pasi.

Ijumaa, 6 Februari

Nimemwambia Bi Zaituni, jirani wa ukuta mmoja, anayekaanga sambusa mlangoni kwake. Nilihitaji kumwambia mtu mmoja tu, na yeye ni Mwislamu, hana habari na mchungaji wetu. Aligeuza sambusa zake akasema, "Mama Danieli, siri ya mtungi aijuaye kata. Muache huyo mutoto."

Sikumwacha. Kwenye mazoezi ya kwaya nikamwambia na mama mmoja wa sauti ya pili. Wakasikia na waliokaa karibu naye. Nilikusudia kunong'ona, lakini sauti yangu Mungu aliiumba kwa ajili ya soprano.

Jumapili, 8 Februari

Baada ya ibada nimekwenda mwenyewe kwa Mzee Zakaria, mkuu wa wazee wa kanisa, nimemweleza yote. Bora aibu itoke kinywani mwangu kuliko vinywani mwa watu. Alitikisa kichwa, akanishukuru kwa uaminifu. Nilijiona mwaminifu kweli.

Utaratibu wetu unajulikana. Aliyeanguka husimama mbele ya kanisa, huvuliwa kitambaa cheupe cha shingoni cha kwaya, huketi benchi la mlangoni, na Meza ya Bwana humpita mpaka wazee waseme basi. Zamani walisimamishwa wasichana peke yao, huku wanaume waliowapa mimba wamekaa mbele wakiimba besi. Ni mimi niliyeinuka kwenye mkutano nikasema haiwezekani. Mwanamke ataje jina, na mwanamume asimame naye. Asipotaja, wazee wamtafute wenyewe. Wakakubali shingo upande.

Ni sheria nzuri. Naionea fahari kuliko gauni lolote nililowahi kushona.

Jumatano, 18 Februari

Wazee wamekutana. Yudita ataungama Jumapili ya tarehe 29 Machi, ili Pasaka ikute kanisa safi. Nilikuwepo kama mzazi. Yeye muda wote alitazama sakafu.

Aliyeongea naye kwa utu ni Fabrisi peke yake, mtoto wa Mzee Zakaria, mpiga ngoma wetu. Kijana ametulia sana siku hizi. Ana gari, ana kazi, akiomba machozi yanamtoka. "Dada, sema tu jina," akamwambia. "Hakuna mutu atakufanyia mubaya." Yudita akaanza kutetemeka. Nikamfinya. Mtu anaongea nawe vizuri hivi, nawe unatetemeka?

Tumerudi nyumbani bila kusemezana. Majirani wote wamesikia tulivyonyamaza.

Jumatatu, 2 Machi

Kila Alhamisi Yudita anakwenda Kinanira, mtaa wa wenye nacho kule juu, kufua nguo kwa daktari mmoja. Nimeanza kufikiri. Siku hiyo anajipaka mafuta. Anafunga kitenge kizuri. Anachukua chakula kwenye kibakuli na kusema atakula huko huko, wakati chakula chenyewe ni cha kumshibisha mtu mzima mwenye njaa. Nani anajipaka mafuta kwenda kufua?

Baba wa mtoto yuko Kinanira. Nitamfuata, nitamshika kola, nitamleta kanisani mwenyewe.

Alhamisi, 5 Machi

Nimefunga mlango, naandika.

Nilimwacha Yudita atangulie. Nikachukua mwavuli ingawa hapakuwa na wingu hata moja. Kule juu nikauliza dukani nyumba ya daktari, wakanionyesha lango la bluu. Nikagonga kama askari. Zamu, mlinzi wa lango, akafungua kidogo, mtu mwembamba, ndevu mpaka kifuani, koti la mvua la kazi. Nikaona kibakuli changu mkononi mwake. Kibakuli changu cha maua mekundu! Nikampiga kwa mwavuli kabla sijajua nampiga nani.

Nilipojua, nikampiga tena.

Ni Danieli. Ni mwanangu. Alinivuta ndani akaniziba mdomo kwa kiganja, na kiganja kilinuka mafuta ya taa. "Mama, nyamaza. Tafazali. Hapa naitwa Pasikali." Nilimuuma kiganja. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka kuhakikisha kwamba ni nyama.

Amenieleza kwenye kibanda chake cha zamu. Siku ile ya gereji alikuwa chini ya lori, anafunga boliti. Aliona miguu kwanza, halafu sura. Aliyempiga bosi wake risasi ni Fabrisi. Fabrisi wetu wa ngoma. Akaona pia kwamba Fabrisi amemwona. Akakimbia, akavua viatu mtoni ili wamdhanie amekufa. Alijificha shamba mwaka mzima, kisha akapata kazi hii ya zamu, ndipo akampelekea mkewe salamu. Kumshtaki Fabrisi, wapi? Kutoka mjini, vizuizi ni vingi na kitambulisho kina jina lake. Daktari anamjua kwa jina moja tu, haulizi zaidi.

Nikamwuliza kwa nini mkewe ajue na mimi niliyemzaa nisijue. Aliweka kibakuli chini. "Mama, mi nakupenda. Lakini we unasemaka sana."

Nilitaka kumjibu. Yudita alikuwa ameinama kwenye beseni la nguo, hakugeuka. "Ameisha kusema kwa wazee," akamwambia. "Mama ndiye alisema."

Mwanangu akakaa juu ya bidoni la maji. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Ijumaa, 6 Machi

Yu hai.

Nacheka, nalia, nakosea mishono. Bi Zaituni amechungulia, akauliza kama nina malaria. Nikasema ndiyo. Bora niiambie karatasi kuliko kumwambia yeye. Kuanzia leo sitaandika jina la mwanangu humu, ila pale watu wanaponiita mimi kwalo. Ataitwa zamu.

Na nimekasirika. Nimemkasirikia yeye kwa kunifanya niomboleze, na Yudita kwa kulia vizuri hivyo kwenye msiba. Yeye naye alidhani amefiwa siku ile, najua, lakini nimekasirika. Mtoto ni wa ndoa. Hakuna dhambi yoyote katika nyumba hii, na tarehe 29 atasimamishwa kwa uzinzi kwa sababu ya mdomo wangu. Mdomo huponza kichwa, wanasema. Wangu umeponza kichwa cha mtu mwingine.

Jumanne, 10 Machi

Nimekwenda kwa Mzee Zakaria kusema nimesamehe, yaishe. Alitabasamu. "Mama Danieli, hii sheria ni yako." Akaeleza kwamba wasipopata jina watafuata utaratibu wangu mwenyewe: wataulizia kwa majirani, wataulizia anakofanya kazi. Fabrisi amejitolea. Ana gari, ataulizia Kinanira.

Sijui kama mzee anajua mwanawe alifanya nini. Nilimtazama sana usoni. Ana uso wa mzee wa kanisa, basi.

Nimerudi kwa miguu nikijitukana njia nzima. Yudita akinyamaza, Fabrisi atafika kwenye lango la bluu. Akisema ukweli, atafika mapema zaidi. Lazima pawe na jina, na lisiwe la zamu.

Jumapili, 15 Machi

Leo nimeigiza. Nimemfokea Yudita uani, mtaa mzima usikie: malaya, mwizi wa heshima, umemzika mwanangu mara ya pili. Watoto wa jirani waliacha kucheza. Nilifokea vizuri mno. Kuna maneno niliyoyatumia ambayo nilikuwa nimeyaandaa Februari, nilipokuwa nayaamini.

Kisha nikafunga mlango nikampa maziwa. Alikunywa bila kunitazama. Akasema ile ya mara ya pili imemwuma. Nikamwomba radhi, nikanung'unika kwamba maziwa yenyewe yamepanda bei. Hatujui namna ya kuongea sisi wawili bila kugombana.

Fabrisi amenisalimu baada ya ibada, ameshika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Nimenawa mara nne.

Jumatano, 25 Machi

Jina nimelipata. Silipendi.

Mwezi wa kumi mwaka jana nilimpangisha chumba cha uani Anselmi, mtu wa boti la mizigo la Kalemie, wakati injini yao ikitengenezwa bandarini. Mtaa mzima ulimwona akiingia na kutoka. Miezi inalingana. Naye yuko ng'ambo ya ziwa, Fabrisi hawezi kumfuata kwa gari.

Tatizo ni kwamba Anselmi ni mtu wa watu. Alikuwa akisali kabla ya kula hata chai. Alituonyesha picha ya mkewe mpaka tukachoka. Siku ya kuondoka aliniachia samaki wakavu, nikala wiki nzima.

Nimemwambia Yudita. Amekataa kabisa. "Ile mutu alikuwa muzuri, Mama. Mi siwezi." Atakubali kuitwa mzinzi, lakini kumchafua mpangaji hawezi! Nimepiga meza. Nikamwuliza anataka nani azikwe. Bado amekataa. Kuna watu wema wanaochosha kuliko wabaya.

Jumamosi, 28 Machi

Milio ya bunduki upande wa milimani tangu mchana. Hakuna anayeinua kichwa. Nimemaliza kola zote isipokuwa ya Yudita, ambayo haitahitajika.

Nimejaribu kuomba. Nikamwambia Mungu: Wewe unajua yote, basi fanya mchungaji augue. Mchungaji nimemwona jioni, mzima kabisa, ananunua nyanya.

Jumapili, 29 Machi

Kanisa limejaa mpaka nje. Kwa mahubiri hawaji hivyo.

Yudita alisimama mbele. Mama wa kwaya akamvua kitambaa, fundo likakataa, ikabidi amvute kidogo shingoni. Yudita akasema ametenda dhambi, anaomba radhi. Sauti yake haikutetemeka. Alisema uongo huo kwa heshima kuliko wengi wanavyosema ukweli.

Mzee Zakaria akauliza jina. Akauliza tena. Tumbo lilikuwa limejitokeza chini ya kitenge na kila mtu alikuwa akilitazama. Ndipo Fabrisi akainuka pale kwenye ngoma, taratibu, kwa sauti ya huruma. "Wazee, anafulaka nguo Kinanira. Labda tuanze kule."

Nikasimama. Sikukusudia kusimama hivyo, kiti kikaanguka.

"Ni Anselmi wa boti ya Kalemie," nikasema. "Alipangaka kwangu mwezi wa kumi. Na mi nilijua. Nilikuwa naona, nikanyamaza juu ya kutaka kodi. Alipoondoka bila kuoa ndiyo nikaja kumushitaki mutoto peke yake."

Nilisikia kanisa likivuta pumzi. Mtu wa nyuma akasema "Yesu!" Yule mama wa sauti ya pili aliweka mkono mdomoni, lakini macho yalikuwa yanasherehekea. Mzee Zakaria aliniuliza kama nasema mbele za Mungu. Nikasema ndiyo, mbele za Mungu. Kisha nikafungua kitambaa changu mwenyewe, sikutaka kuvutwa shingo.

Nilimtazama Fabrisi. Aliketi. Mabega yakamshuka. Ndipo nikaelewa kwamba alikuwa na hofu muda wote ule, kuliko sisi, kwamba shahidi wake yu hai.

Tumetembea mpaka benchi la mlangoni, mimi na Yudita. Hakunishukuru. Alinishika kiwiko, basi.

Jumatatu, 30 Machi

Asubuhi wateja wamekuja kuchukua vitambaa vyao. Mmoja hakuingia, alinyoosha mkono dirishani. Wengine wanaita mlango wangu "guest house". Magauni ya kwaya yamechukuliwa na mama mwingine ayamalizie. Sijui kama anajua kushona upindo.

Bi Zaituni amekuja na sambusa za jana. Alikaa, akajipepea. "Mama Danieli," akasema, "mwezi wa kumi we ulikuwa na malaria kweli. Mi nilikuja kukupikia. Sikuona kitu." Akaendelea kujipepea. "Na mi sikuulizi. Kula sambusa."

Nikala. Zilikuwa ngumu, nikazila zote.

Jumapili, 12 Aprili

Pasaka. Benchi la mlangoni lina upepo mzuri na linauma matako. Wote waliochelewa wametukanyaga wakiingia.

Kwaya imetoka na magauni yangu. Upindo umepinda. Nimeutazama upindo ule muda wote wa wimbo ili nisiangalie mpiga ngoma. Anapiga vizuri, ndilo linaloniudhi zaidi. Machozi yalimtoka kama kawaida. Wakapitisha Meza ya Bwana. Alipokea mkate kwa mikono miwili. Sisi tukapitwa. Nikamwambia Mungu kimyakimya kwamba kama huu ndio mpangilio Wake, ana kazi ya kunieleza, na asilete mafumbo.

Wiki iliyopita gari la Fabrisi lilionekana Kinanira. Labda ni bure, labda alikuwa na safari zake. Yudita haendi kufua tena. Zamu hana habari zetu na sisi hatuna zake.

Jumatano, 8 Julai

Mvulana. Amezaliwa asubuhi, mzima, mwenye hasira. Ana masikio ya zamu yaliyochomoza hivi hivi. Nimemvisha kofia ya sufu upesi, na jua hili la kiangazi. Mkunga akasema mtoto atatoka vipele. Nikasema bora vipele.

Watu hawaji. Mtoto wa mjukuu wangu wa halali, hapana, mtoto wa mwanangu, mjukuu wangu wa halali, hata naandika vibaya, hakuna aliyemletea hata sabuni. Bi Zaituni peke yake ameleta uji. Wanawake wawili wa kanisa walipita mbele ya nyumba wakapunguza mwendo, wakasikia analia, wakaenda.

Nilimbeba dirishani. Nilitamani kupiga vigelegele vya kusikika mpaka bandarini. Nikameza.

Jumanne, 21 Julai

Boti la Kalemie limeingia. Nilijua siku hii itafika, nikajifanya sijui.

Anselmi alikuja mchana, kofia mkononi. Wapakuzi wa bandarini wamempigia miluzi, wamemwita Baba Mtoto. Hakuelewa mpaka mmoja alipomweleza, na mwenzake wa boti anatoka kijiji kimoja na mkewe. Hakupiga kelele. Nilikuwa nimeandaa majibu ya mtu anayepiga kelele.

Alisimama uani akanitazama. "Mama, mi nilikukosea nini?"

Ningemwambia. Neno lilikuwa tayari. Lakini anarudi bandarini, na bandarini watu wanaongea, na Fabrisi ana marafiki kila mahali. Angejitetea, nani asingejitetea? Nikatazama chini. Yudita alikuwa mlangoni na mtoto, analia bila sauti. Anselmi akamtazama mtoto, akatazama kofia ya sufu kwenye jua kali, akanitazama tena kwa muda mrefu. Sijui aliona nini. Akavaa kofia yake akaondoka. Safari hii hakuacha samaki.

Kumbe mdomo wangu unaweza kufungwa. Umefungwa siku ambayo mtu mwema alihitaji neno moja. Hii sasa ni dhambi. Hii haihitaji nisimamishwe mbele ya mtu, naijua mwenyewe.

Jumapili, 16 Agosti

Wazee wamesema muda wetu wa adhabu umetosha. Tukitubu mbele ya kanisa tutarudishiwa vitambaa. Yudita ametubu, akapewa mkono, sasa anakaa katikati. Kwa ajili ya mtoto ni bora.

Mimi nimebaki. Mzee Zakaria alikuja mpaka kwenye benchi kuniuliza kama nina kiburi. Nikamwambia labda. Nitubu nini mbele yao? Lile nililolisema si kweli, na lile la kweli ninadaiwa na mtu aliye ng'ambo. Huko Kongo nako kumewaka moto, wanasema boti za Kalemie zimesimama. Hata nikipata ujasiri hakuna wa kumpelekea.

Mzee aliinama akamwangalia mtoto mapajani mwangu. Akamgusa kofia. "Anafanana na nani huyu?"

"Baba yake," nikasema. "Watu wa Kalemie wako hivyo."

Akanyoosha mgongo, akaenda zake.

Alhamisi, 20 Agosti

Nimemfunga mtoto mgongoni, nikamwambia Yudita naenda kutafuta vifungo. Aliona kwamba nimemvua kofia. Akamfuta uso vizuri, hakuuliza vifungo gani.

Nimepanda Kinanira kwa miguu. Sikuwa na haraka. Karibu na lango la bluu nikasimama, mama mzee anayevuta pumzi, nikageuka kutazama ziwa kule chini ili mgongo uangalie lango. Ziwa lilikuwa limejaa vumbi la kiangazi, hapakuwa na cha kuona. Nikalitazama sana.

Lango likafunguliwa. Gari la daktari lilikuwa linatoka.

"Mama, simama pembeni kidogo," zamu akasema nyuma yangu. "Gari inatoka." Sauti ya kumwambia mwanamke yeyote wa njiani.

Nikasogea. Gari likapita, likakata kona, likapotea. Nikangoja kusikia lango likifungwa. Halikufungwa. Mtoto alijinyonga mgongoni, akatoa mkono, akaguna kidogo kama anavyofanya akiona mtu. Nilikuwa na maneno ya miezi mitano mdomoni.

"Asante, zamu," nikasema.

Kisha nikashuka polepole, bila kugeuka, nikimwacha aangalie mpaka kona.